Dawa ya Mwajuma kwenye Meza ya Ukaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na hadi adhuhuri vilikuwa vimenichubua visigino vyote viwili. Nilikuwa binti wa Kibiti niliyemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kuwa mkaguzi wa abiria katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wafanyabiashara wakawa wanakwenda Dubai kama watu wanavyokwenda gulioni Ikwiriri. Mkuu wa Ukaguzi, mama mrefu asiyepandisha sauti, alinisimamisha mbele ya meza akaniambia, "Binti, mfuko wa mtu ni nyumba yake. Bisha hodi kwanza, ndipo uufungue."

Ninyi mnaosafiri leo mtashangaa. Zamani zile mzigo wa mkononi, yaani ule abiria anaoingia nao ndani ya ndege, ulibeba kila kitu. Nimewaona watu wakipita na madumu ya mafuta ya nazi, samli, hata mchuzi wa papa. Sisi tulitafuta silaha, na vitu vya kuwaka kama petroli. Maji yalikuwa maji tu.

Kisha ikaja amri ya vimiminika. Huko ng'ambo waligundulika watu waliotaka kupanda ndege na vilipuzi vya majimaji, viwanja vikabadili taratibu, nasi tukafuata. Kila chupa isizidi mililita mia moja, na chupa zote zitoshe katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita moja. Kinachozidi kiende kwenye mzigo wa chini, unaokaa tumboni mwa ndege. Asali, losheni, dawa ya meno, manukato, vyote vilihesabiwa vimiminika. Uji au maziwa ya mtoto na dawa za safarini ziliruhusiwa kuzidi, ila dawa iwe kwenye chupa yake yenye lebo.

Wakati huo nilikuwa chini ya Mkuu wa Zamu, Mmatumbi mnene mwenye goti bovu. Nilimwona akimzuilia tajiri manukato yake, tajiri akafoka, naye akamsikiliza mpaka yule tajiri akachoka mwenyewe.

Alasiri moja akaja Athumani, mkata boriti za mikoko kutoka visiwa vya delta ya kwetu, mto unapoingia baharini. Alikuwa amempakata binti yake, Mwajuma, mwenye tundu kwenye moyo. Walikuwa wanakwenda India akapasuliwe. Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu, ndiyo maana baba alisafiri na mtoto peke yake. Midomo ya yule mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau. Eksirei ilionyesha chupa mbili kubwa: moja ya uji, nyingine ya soda, ndani ina maji mekundu.

"Kaka, hii ni nini?"

"Dawa ya mtoto, dada. Chupa yake ilipasuka ndani ya basi. Iliyosalia nikaikinga humu."

Uji aliuonja mbele yetu, tukaupitisha. Dawa isiyo na lebo hatukuweza. Athumani akaikumbatia ile chupa. "Bora mnizuie mimi! Mtoto huyu bila dawa hafiki." Nilimsemesha Kindengereko, lugha ya kwetu, akatulia kidogo, lakini chupa hakuiachia.

Mkuu wa Zamu akaja akichechemea. "Mwanangu, sikunyang'anyi. Umesema chupa ilipasuka. Una hakika humu hamna vipande vya kioo?"

Athumani akaitazama chupa, akaiweka mezani. "Mungu wangu. Nimempa asubuhi."

"Basi asinywe tena. Na bila dawa hatasafiri. Kaeni hapo."

Akaipigia simu hospitali iliyowaandikia safari. Daktari akasema mtoto aangaliwe tumbo na kinywa, na chupa mpya inaletwa sasa hivi kwa pikipiki. Muuguzi wa zahanati ya uwanja akamkagua Mwajuma, hakuona jeraha. Mkuu wa Zamu akatoka nje kusubiri juani. Watu wa ndege walikuwa wameshasema mlango utafungwa kwa wakati wake.

Abiria wa mwisho walipoitwa, nikamwona anakuja. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Shati limechomoka, goti linamvuta upande, chupa ameiinua juu kama mtu anayevuka mto na nguo zake. Nikanyoosha mkono niipokee nimkabidhi baba. Akatikisa kichwa, akahema, "Ipitishe kwenye mashine." Hata dawa aliyoileta yeye mwenyewe! Ikapita, lebo ikasomwa, wakapanda.

Walirudi wakati wa masika. Mwajuma alikataa kubebwa, akatembea mwenyewe hadi kwa Mkuu wa Zamu, akasema, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia marahaba, kisha akageukia ukutani, akajifanya anasoma tangazo la vimiminika.

Baadaye nami nilipewa zamu yangu, nikaiongoza hadi kustaafu. Sasa niko Kibiti, nalima ufuta. Vijana wanaotaka kazi ile huja kuniuliza wajifunze nini, maana mashine zinabadilika na vipimo vinabadilika. Nawaambia wasome kanuni hadi mstari wa mwisho. Wengi huishia penye neno marufuku, na ruhusa huandikwa chini yake.