Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Baba aliandika namba hiyo kwa chaki kwenye mlango wa stoo yetu ya mahindi, nyumbani Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, nikiwa darasa la saba. 30031. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwetu swali likiandikwa mlangoni halifutwi mpaka aliyepewa alete jibu.

Alinionyesha ilikotoka. Mbili mara tatu, mara tano, mara saba, mara kumi na moja, mara kumi na tatu, halafu uongeze moja. Igawanye kwa yoyote kati ya hizo sita, itabaki moja, kama mgeni aliyekosa kiti. Je, kuna nyingine ya kuigawanya bila kubakisha kitu?

Niligawanya siku tatu, huku napukuchua mahindi. Kumi na saba ikakataa. Kumi na tisa ikakataa. Nilipofika hamsini na tatu ikabaki thelathini na tatu, nikachoka. Nikamwambia ni namba tasa, haigawanyiki.

"Umejaribu zote, mama?" Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikasema zote. Hakunipinga. Ila kila chaki ilipofifia aliandika upya, hata nilipokwisha kwenda kusoma chuo kikuu, Kibabii.

Kisha akaanza kusahau. Yalitangulia majina ya majirani, ikafuata njia ya kwenda sokoni. Jioni moja Mama akanipigia simu kwamba Baba amemuuliza ni nani aliyechorachora mlango wa stoo. Niliogopa. Nilitaka jibu limfikie kabla namba hazijamtoka zote. Nikaketi kitandani na kalamu, nikaanzia pale nilipoachia.

Baada ya hamsini na tatu, namba tasa inayofuata ni hamsini na tisa. Hiyo hiyo ya kwanza ikaingia. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesimama hatua moja kabla ya jibu, na yeye alijua.

Asubuhi nilikuwa Kitale. Nilimkuta uani na beseni la mahindi, magunzi yamezunguka miguu yake. Nikachuchumaa, nikamsomea polepole.

"Hamsini na tisa mara mia tano na tisa, Baba. Haibaki kitu."

Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisa lisilo lake. Akautazama mlango, akanitazama mimi. Halafu akapangusa mikono kwenye suruali, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Nimepita, mwalimu?"

Mama, aliyekuwa akianika nguo, aliingia jikoni.

"Umepita," nikamwambia.

Akatabasamu, akarudi kwenye mahindi yake. Jibu lilikuwa limeletwa, na sheria ya nyumba ni kufuta. Nikalowesha kitambaa, nikasimama mbele ya ule mwandiko wake mpaka kikanikaukia mkononi.