Mkanda wa Katani

Dukani leo wamefungua robota la kamba za katani, na ile harufu kavu imenirudisha uani kwa babu, kijijini Kang'ata.

Mbwa wetu wa kulinda mahindi alikatika kano ya goti, na daktari wa mifugo kutoka Korogwe akampasua na kumshona. Alituonya kwamba akiukanyagia mguu ule kwa nguvu, nyuzi zitaachia. Basi kila alasiri, kabla ya kwenda msikitini, babu alimpitishia mkanda wa katani tumboni, akamnyanyua kwa nyuma, wakatembea polepole hadi majanini. Kwa mkono hakumgusa. Mate ya mbwa ni najisi.

Siku moja mkanda ukakatika. Babu akamdaka, akamkumbatia kifuani, na mbwa akamlamba kidevu mpaka kola ya kanzu.

"Mzee, na swala je?" bibi akauliza.

"Niletee maji na udongo nijitoharishe," babu akaniambia. Alijiosha taratibu, akafua na kanzu.

Bibi akamsokotea mkanda mpya. Kesho yake niliukuta unaning'inia msumarini. Ndoo ya maji na udongo vilishawekwa mlangoni, na babu alikuwa anakatiza uani, mbwa mikononi.