Kichwa cha Cherehani Kilichokwenda Tunduma

Nilichokiona kwanza kwa Tukuswiga Kibona ni mguu wake wa kulia. Alikuwa ameketi barazani kwake, nyuma ya soko la Vwawa, akishona vifungo kwa mkono, na mguu ule ulikuwa ukikanyaga pedeli taratibu. Mkanda haukuzungusha kitu. Juu ya meza, mahali pa kichwa cha cherehani, palikuwa na shimo.

Kichwa kilikuwa Tunduma kwa fundi Felix tangu Februari. Sasa ilikuwa Julai.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo: kile chuma kinachobeba bobini ya uzi wa chini kilikuwa kimelika, nyuzi zikawa zinaruka. Felix alisema spea iko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, siku tatu tu. Tukuswiga, mzaliwa wa kijijini Ikinga, akamwamini. Akarudi nyumbani, akakata vitambaa vyeupe vya magauni ya wasichana tisa wa kipaimara. Hapo ndipo alipokosea. Kitambaa kizima hurudishwa kwa mwenyewe. Kilichokwisha kukatwa, fundi mwingine hakigusi.

"Si upeleke hata kwa fundi Wiliam?" mama yake Judith, mmoja wa wasichana wale tisa, alimuuliza siku moja mbele yangu.

"Nilipeleka, dada. Akanicheka. 'Ukate wewe, nishone mimi, halafu likibana kwapani atukanwe nani?'"

Wiki iliyopita nilimsindikiza Tunduma. Vichwa vya cherehani vilijaa sakafuni kwa Felix. Chake alikitambua kwa ua alilolichora kwa rangi ya kucha. Alikigeuza. Gurudumu la kuzungushia halikuwapo. Sindano na mguu wa kukandamizia nguo navyo vilikuwa vimefunguliwa.

"Felix baba, hivi vingine viko wapi?"

"Nimeviazima, mama. Kuna mteja wa Ndalambo alikuja hapa anafoka, ningefanyaje?"

"Na mimi je?"

"Wewe si ndiye mvumilivu wangu!" Felix akacheka. "Wangekuwa wote kama wewe, ningekufa tajiri. Ijumaa ijayo, mama. Nakiweka kwenye Kosta ya kwanza, kikiwa kizima."

Tukuswiga alifumbua kinywa, nikadhani sasa naye atafoka. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya siku zote.

"Haya. Ijumaa."

Tulikuwa tumekaribia Vwawa. "Nikikichukua vilevile kilivyo, nitakifanyia nini?" aliniuliza.

Kipaimara ni Jumapili. Magauni yote tisa ameyapiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikizia tu, ili kichwa kikifika kazi iwe ni kupitisha tu. Jumatatu wasichana walikuja kuyajaribu. Judith alisimama mikono ameibana ubavuni, akaambiwa asiinue hata kidogo. Aliinua, akitaka kujiona mgongoni, na bandi ya kwapa ikaachia yote. Tukuswiga alitunga uzi upya bila kumgombeza.

Simu ya Felix haipatikani tangu Jumanne.

Leo ni Alhamisi. Ameitia pedeli mafuta, amebadilisha mkanda, amefuta vumbi kando ya lile shimo. Kosta ya kwanza kutoka Tunduma hufika stendi saa moja asubuhi. Ameniomba kesho nisichelewe, kwa sababu kichwa ni kizito na hataki kikabebwe na mtu asiyekijua.