Hezekia na Nafasi ya Ryoba Uwanjani

Watu wa Nyamwaga walijua kwamba siku ya mechi hakuna ng'ombe atakayefundishwa plau. Hezekia, ambaye siku nyingine zote kazi yake ilikuwa kuwazoesha maksai wa watu kuvaa nira na kufuata mtaro, siku hiyo alioga mapema, akavaa koti lake la kanisani na kuteremka uwanjani kabla vijana hawajamaliza kusimamisha miti ya goli. Alisimama upande ule ule siku zote, karibu na mstari wa kati, mikono nyuma. Akiletewa kigoda alikataa. Mpira ukiutazama umekaa, alisema, unaona vumbi tu.

Alikuwa mtazamaji wa namna yake. Wenzake walifuata mpira ulikokwenda, yeye aliwatazama wasio na mpira: nani amezubaa, nani amesimama mahali pa mwenzake, nani anaogopa kuitwa. Na mchezo wa timu yake ulimkera. Beki wa Nyamwaga akipata mpira alikuwa na jambo moja tu, kuupiga mbele kwa nguvu zake zote, na vijana wanne wakaukimbilia huko huko.

"Mnapiga kama mnaofukuza nyani shambani!" Hezekia alipaza sauti. "Nyani akikimbia amekwenda. Mpira unarudi!"

Watu walicheka. Lakini mpira ulirudi kweli, na uliporudi ulimkuta Ryoba.

Ryoba alikuwa mwanawe wa kwanza, senta hafu wa timu, kijana mrefu mwenye kifua na sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Zamani mpira haukumpita. Lakini masika ya mwaka wa hamsini na tano aliumia goti, na tangu hapo alipogeukia kushoto alichelewa kidogo, kama mtu aliyesimama njiani akikumbuka kitu. Hezekia aliliona jambo hilo siku ya kwanza Ryoba aliporudi uwanjani. Akanyamaza.

Kunyamaza huko kulimla. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, angelisema mchana kweupe, kama alivyowasema wengine wote bila kuwahurumia. Kanisani mhubiri alisoma, naye Hezekia akawa anapanga mabeki kichwani, na kila alipowapanga, Ryoba hakuwamo. Ndipo alipojiona mnafiki, akainamisha kichwa, na waliokaa karibu naye wakadhani anasali.

Mwaka uliofuata Nyamwaga walifika nusu fainali ya kombe, wakacheza na timu kutoka upande wa Serengeti, vijana wa makabila ya Ikoma na Nata waliokuja kwa lori huku wakiimba. Senta fowadi wao alikuwa mwembamba na mwenye akili. Haukupita muda mrefu akawa amegundua lile goti. Alimvuta Ryoba kulia, akamgeuza kushoto, akafunga. Baada ya mapumziko akafanya vile vile, akafunga tena. Nyamwaga walishinda mabao matatu kwa mawili, na la tatu liliingia kwa sababu golikipa wa wageni aliteleza kwenye kinyesi cha ng'ombe. Watu walivamia uwanja kwa vigelegele. Hezekia hakupiga makofi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Joram, aliyekuwa akifundisha watoto kusoma na jioni akiipanga timu.

"Shikamoo, mzee. Tumeshinda!" Joram alisema huku akijifuta jasho.

"Marahaba. Tumeshinda kwa kinyesi. Fainali tutachinjwa. Yule wa kati aondolewe."

"Wa kati yupi?"

"Ryoba. Mweke Selestine. Ni mfupi, lakini anageuka. Goti la Ryoba limekwisha, na ninyi nyote mnaona."

Joram alishusha sauti. "Mzee, sisi tuliona zamani. Tulidhani wewe ndiye utakayechukia. Halafu kuna jambo jingine. Wale mabeki wengine hawasemezani. Ryoba ndiye mdomo wao. Ukimwondoa, nani atawaita?"

Hezekia alisikia maneno ya kwanza tu, hayo mengine yakampita. Kumbe mwanawe alikuwa akipangwa kwa ajili yake, kama watu wanavyomwachia mzee kipande cha nyama laini. Kumbe vijana walikaa wakasema, tumwache, baba yake ni mkali. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Basi mimi, baba yake, nasema mbele ya watu wote! Msimpange kwa sababu yangu. Asicheze! Anaiharibu timu!"

Vigelegele vya karibu vilikatika. Joram hakumtazama Hezekia. Alikuwa akitazama nyuma yake. Hezekia akageuka, akamkuta Ryoba amechuchumaa na kopo mkononi, akimimina maji kwenye goti. Alikuwa hapo tangu mwanzo.

Ryoba alisimama taratibu, akaliweka kopo chini. "Nimesikia, tata," alisema. Hilo ndilo neno walilomwitia baba yao nyumbani, na alilitamka kwa heshima ile ile ya siku zote. Akapita katikati ya watu akitembea sawasawa. Hakuchechemea mpaka alipofika kwenye migomba, alikodhani hakuna anayemwona.

Nyumbani Efrazia alikuwa ameshapata habari. Alimtengea mumewe ugali, kisha akabaki amesimama.

"Kuna uani, kuna zizi, kuna shamba zima," alisema. "Ulikosa mahali pa kumwambia mtoto?"

"Nimesema kweli."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

Tangu siku hiyo Ryoba hakuja kula na baba yake. Hezekia aliazimia kuzungumza naye, na kweli alikwenda mara kadhaa, akasimama uani kwa mwanawe, maana baba haingii nyumba ya mwana. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya maksai mwekundu aliyekataa nira. Kila mara neno lenyewe lilifika ulimini, Hezekia akalimeza na kuaga. Alijiambia kwamba fainali ikipita mambo yatatulia yenyewe.

Siku chache kabla ya fainali, Gati, mke wa Ryoba, alikuja na mtoto mgongoni. Alisimama mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa, akaongea akimwelekea Efrazia, ingawa maneno yalikuwa ya mzee.

"Ameondoka na wenzake, mama. Wamepitia Sirari, wanakwenda Kericho kuchuma chai."

"Alisema nini?" Hezekia aliuliza.

Gati aliinamisha macho. "Alisema hawezi kusimama pembeni ya uwanja watu wakimtazama."

Fainali ilichezwa Tarime, na timu ya mjini ndiyo iliyokuwa mbele yao. Hezekia alikwenda, ingawa Efrazia alimwambia asiende. Selestine alipangwa katikati. Alicheza mchezo ambao Hezekia alikuwa akiuota: alimbana senta fowadi wa mji kama kupe, akageuka kila alikogeuka yule, akamnyang'anya mpira hata yule akaanza kumlalamikia refa. Wakati wa mapumziko hakukuwa na bao. Watu wa Nyamwaga walikuja kumshika Hezekia mkono.

"Mzee, wewe una jicho!"

Hezekia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesikia jambo ambalo wao hawakulisikia. Nyuma kulikuwa kimya. Mabeki walikimbia, wakaruka, wakapiga, lakini hakuna aliyemwita mwenzake. Kila mmoja alicheza kana kwamba yuko peke yake shambani mwake.

Jua lilipoanza kuinama, mpira mmoja wa kawaida kabisa, mpira wa kizembe, ulidunda kuelekea goli la Nyamwaga. Beki wa kushoto aliufikia, akasita, akimwachia golikipa. Golikipa alitoka hatua moja, akasimama, akimwachia beki. Walitazamana. Winga wa timu ya mji akapita katikati yao na kuusukuma ndani kwa upole, kama anayefunga mlango.

Hezekia alijikuta amefumbua mdomo. Neno lililotaka kutoka lilikuwa jina la mwanawe.

Mechi iliisha hivyo hivyo, bao moja kwa sifuri. Watu wa Nyamwaga walipanda lori bila wimbo, na hakuna aliyemlaumu Hezekia. Joram aliketi karibu naye. Baada ya mwendo mrefu alisema, "Selestine alicheza vizuri, mzee. Lile la goti ulisema kweli."

Hezekia angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Baada ya mavuno alivuka mpaka pale Sirari, akapanda basi hadi Kisii, na kutoka Kisii hadi Kericho, nchi ya baridi ambako chai imetandazwa vilimani kama blanketi. Aliuliza kambi baada ya kambi mpaka akampata Ryoba, akitoka kupimiwa majani, kapu mgongoni. Alikuwa amekonda. Walisalimiana, wakaketi kwenye gogo nje ya kambi. Chini yao vijana wa shamba walikuwa wakicheza mpira.

"Huchezi?" Hezekia aliuliza.

"Waliniomba. Nilikataa."

Hezekia alivua kofia, akaishika magotini. "Nilikosea, Ryoba. Kwa goti sikukosea. Nilikosea kwa mdomo. Ilinipasa nikuambie wewe kwanza."

Ryoba alilipapasa goti lake. "Mimi nilijua goti langu kabla yako," alisema. "Nilikuwa nangoja fainali ipite, nimwambie Mwalimu mwenyewe."

Hezekia aligeuzageuza kofia. Vijana wale walipiga kelele chini, bao limeingia.

"Lile bao la Tarime," Ryoba aliuliza, akitazama mbele, "liliingiaje?"

Hezekia akamweleza: mpira wa kizembe, beki amesita, golikipa amesimama.

"Ulikuwa wa golikipa," Ryoba alisema.

"Ulikuwa wa beki. Alikuwa karibu zaidi."

"Hapana, tata. Beki alikuwa amelielekea goli letu. Ulikuwa wa golikipa, na mtu alipaswa kumwambia mapema."

Walibishana hivyo mpaka giza likaingia, baba akichora kwa fimbo ardhini na mwana akifuta kwa kiganja na kuchora upya. Lakini asubuhi Hezekia alipofunga mzigo wake na kuuliza, "Twende nyumbani?" Ryoba alitikisa kichwa.

"Mwambie Gati aje na mtoto. Mimi bado nipo hapa."

Hezekia alirudi peke yake. Efrazia alipomwona anapanda njia bila mtu nyuma yake, alishuka kumlaki. Alimpokea mzigo. Hezekia akaenda nyumbani kwa mwanawe, akasimama uani, akamwita Gati ampe ujumbe.