Ngome ya Mjane

Mwanangu aliponiambia anataka kunijengea nyumba yangu nyuma ya yake, hapa Ingleburn ughaibuni, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mkewe alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Hakupata nafasi. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mzee hakai chumba cha ndani kwa mwanawe kama mgeni. Ana nyumba yake, na wajukuu wa kike hulala humo. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, wasichana tumejazana kwenye mkeka wa nyanya, na aliyecheka baada ya taa kuzimwa alipigwa kofi bila kuulizwa ni nani. Kwa hiyo nikasema sawa, jengeni, lakini vitanda viwe viwili. Mwanangu akadhani cha pili ni cha wageni kutoka nyumbani. Sikumsahihisha, maana sikujua kuna la kusahihisha.

Nikahamia. Nikatandika vitanda vyote viwili. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na sita, alikuja kuona bafu, akasema ni zuri, akarudi kwao. Huyu mtoto anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Mchana wote wanatoka: mwanangu kazini ghalani, mkewe hospitalini kwa treni, mtoto shuleni. Nabaki na mashine ya kufua, na jirani mzungu anayenipungia mkono juu ya ua, basi, mazungumzo yetu yameisha.

Waliomleta mtoto kwangu ni Wajerumani. Mwalimu aliwapa kazi ya historia, na yeye akapata kaunti moja ya Ujerumani ya kale, enzi za mapanga na farasi. Kwenye nyumba kubwa ya wazazi wake televisheni haizimwi, kwa hiyo akaja na kompyuta yake mezani kwangu. Shule niliiacha mapema, lakini kaunti nazijua, hata kwetu zipo. Nikamuuliza gavana wao alichaguliwa na nani. Akacheka, akanieleza polepole, akichanganya Kiswahili kwa ajili yangu. Hakuchaguliwa, alizaliwa. Baba alikuwa bwana wa kaunti, na mwana akawa bwana wa kaunti. Ukoo wa kwanza uliisha kwa kukosa mtoto wa kiume, binti akaolewa na watu wa ng'ambo ya milima, na kaunti ikaenda naye. Nikamwambia hao walikuwa wajinga. Unatoa binti, unatoa na shamba, na ng'ombe hata mmoja hujaona? Alicheka mpaka akafunga kompyuta.

Akawa anakuja kila jioni. Nikawa nateleka chai kabla sijasikia geti. Wale watu nikawajua kuliko majirani. Kulikuwa na ndugu waliogawana kaunti, na watoto wao wakagawana tena, hadi kila mmoja akabaki na kilima kimoja na majivuno yote ya babu yake. Nilisema hao ningewapata kwetu hata leo.

Jioni moja akanisomea habari za mjane. Bwana alikufa, mwana akaoa, na mama akahamishiwa ngome yake mwenyewe, ndogo, mbali na ile kubwa. Mambo hayo yalipangwa tangu siku alipoolewa: atapewa kuni za msitu fulani, samaki wa bwawa, divai yake. Nikasema huyo mama alikuwa na akili. Halafu nikauliza, "Nani alilala naye humo?"

Akatafuta. "Hawajaandika, Nyanya. Labda watumishi."

"Na wajukuu?"

"Hao walikuwa kwa ngome kubwa."

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nikamwonyesha kitanda cha pili, nikamwambia kimekuwa chake tangu nyumba ijengwe, kwamba kwetu mjukuu wa kike hulala kwa nyanya yake na hakuna anayeambiwa, anakuja tu. Alikitazama. Nikaona anatafuta maneno ya Kiswahili, kitu asichomfanyia mtu mwingine.

"Nyanya, hapa kila mtu analala kwake," akasema. "Si vibaya. Ni vile tu."

"Nimesikia. Malizia kaunti yako."

Akaimalizia. Hata ukoo wa mwisho ulikatika, na jirani mwenye nguvu akaimeza kaunti yote. Ngome ya mjane haikutajwa tena. Mama yake akampigia simu kutoka jikoni, hapo hapo ng'ambo ya kamba za nguo, kwamba chakula kiko tayari. Akanikumbatia kwa nguvu, akaenda.

Kazi yake ilipata alama nzuri. Sasa wanasoma mapinduzi ya nchi nyingine, na hayo anayasomea chumbani kwake.

Juzi mwanangu alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akaniuliza kama nyumba inanitosha. Nikamwambia inanitosha na kubaki. Akasema vizuri, Mama, akaenda kazini.