Natozwa Mbuzi kwa Kumwambia Anko Asitue Ndege

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mashangazi wa mume wangu wanaisoma page hii kuliko wanavyosoma Biblia. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, tunaishi Muthangari. Kazi yangu ni rubani msaidizi kwenye jeti ndogo ya mfanyabiashara mmoja. Abiria wakijaa ni saba, marubani ni wawili. Rubani mkuu ni Anko wa mume wangu, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Anko si mtu mbaya, naomba msimtukane kwenye comments. Baba mkwe alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu akamsomesha. Siku ya ruracio, walipoleta mahari kwetu, alikuwa msemaji wao, akawachekesha wazazi wangu hadi wakasahau kubishana. Kazi hii pia ni yeye aliyeniombea. Na ni yeye aliyenifundisha, "Haraka ni ya abiria, ndege haina haraka." Zamani alikuwa akiyasema hayo kila tukifunga mikanda. Siku hizi simsikii.

Majuzi tulikuwa tunampeleka mwenye ndege kwenye mazishi huko magharibi mwa nchi. Alikuwa amechelewa na alitaka kufika kabla ya hotuba za wakubwa. "Captain, leo usiniangushe," alisema akipanda. Tulipokaribia uwanja, mvua ilikuwa imetutangulia na upepo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma. Tulikuwa tunashuka kwa kasi mno, na lami ya pale ni fupi, tena ilikuwa imelowa.

Sisi marubani tuna mapatano. Kuna urefu fulani juu ya ardhi ambapo kila kitu lazima kiwe sawa, kasi ikiwemo. Kisipokuwa sawa, yeyote kati ya wawili anasema, "Go around," yaani usitue, paa tena tuzunguke. Anayeshika usukani anatii hapo hapo. Hakuna mkubwa wala mdogo. Maswali yanaulizwa baadaye, mkiwa hai.

Nilisema, "Go around." Akaendelea kushuka. Nikasema tena kwa sauti, "Captain, go around!" Akanijibu bila kunitazama, "Tulia mama, hii nimeiona." Mafuta tulikuwa nayo ya kutosha kuzunguka hadi mvua ipite, au kwenda uwanja mwingine wenye lami ndefu. Akatua. Magurudumu yaligusa chini tukiwa tumeshamaliza nusu ya lami. Alikanyaga breki hadi nikasikia mikanda ikinikata mabega. Tuliposimama, mbele yetu kulikuwa na nyasi na ua wa seng'enge. Mwenye ndege akapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaka kwa hasira.

Ningeyamaliza na Anko kazini, wawili tu, ninavyotakiwa. Lakini Jumapili tulialikwa chakula kwake, ng'ambo ya Dagoretti Corner, na yeye mwenyewe akaanza kuhadithia huku akicheka. "Huyu mama alinipigia kelele huko juu kama makanga wa matatu! Go around, go around!" Meza nzima ikaangua kicheko, mume wangu akiwemo. Mimi sikucheka. Nikasema, "Anko, siku hiyo nusura tufe."

Shangazi mkubwa akaweka mwiko chini. Hakuna aliyeuliza tungekufaje. Alichouliza ni, "Tangu lini mke wa boma hii anamwambia mzee arudi alikotoka?" Nikamwambia ndani ya ndege mimi si mke wa mtu, ni rubani. Wuui! Ni kama nilimwaga mafuta kwenye moto.

Wamekaa kikao bila mimi. Wamesema nimekosa mara mbili: kumpigia mzee kelele, na kumwaibisha mbele ya watoto. Faini ni mbuzi, nimpeleke Jumamosi na kuomba msamaha mbele ya wote. Mume wangu anaona ni jambo dogo. "Babe, si Dagoretti ni hapo tu? Nunua mbuzi moja hii story iishe. Kwani utapungukiwa na nini?"

Nikamuuliza shangazi, nikishamtoa mbuzi halafu? Akanijibu kwa upole kabisa, "Kosa likishachinjiwa halirudiwi, mama."

Jamani, mnaelewa anachosema? Yaani wanataka niape kwa damu ya mbuzi kwamba sitasema tena neno ninalolipwa kulisema. Kazini nako bosi wa marubani wote wa kampuni inayoiendesha jeti, aliye juu ya Anko, anataka niandike ripoti ya kutua kule. Nikiandika ukweli, Anko atasimamishwa arudi darasani apimwe upya, naye amebakisha muda mfupi astaafu kwa heshima. Mume wangu ameniambia, "Ukiandika hiyo kitu, mimi na wewe basi. Huyo ni baba yangu." Nampenda mume wangu. Nampenda hata Anko, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Ratiba imetoka. Jumatatu ni mimi na Anko tena, uwanja ule ule, na mvua bado ni ya kila siku. Tutakuwa na mwenye ndege, mke wake na watoto wao wawili. Hao watoto hawajui habari za mbuzi.

Walioolewa na wanaoheshimu wakwe, nisaidieni. Niandike ripoti ndoa ivunjike, ama kuna njia ambayo mimi sijaiona? Msiniambie tu nivumilie, nimeshachoka kuambiwa nivumilie. Niambieni hivi: nikimtoa mbuzi Jumamosi, Jumatatu tukishuka mbio tena, nitasema nini?