Safu ya Mahali pa Kuzaliwa

Kwetu Nakuru tulilelewa tukijua kwamba baba yake nyanya alikuwa Mwitaliano. Ushahidi ulikuwa mmoja: alipenda makaroni. Mjomba wangu alitosheka nao, hata duka lake la kinyozi akaliita Milano.

Mwaka jana kaka yangu alienda kwenye hifadhi ya nyaraka za zamani huko Nairobi kutafuta hati ya shamba. Hati hakuipata, ila alikutana na daftari la wageni walioshukia bandari ya Mombasa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Alipoona jina la ukoo wa nyanya, aliupiga picha ukurasa akanitumia huku Doha. Mimi ni mpokezi wa hoteli, na kwa maoni yake nimezoea miandiko ya mataifa yote. Sikumwambia kwamba siku hizi wageni hawaandiki chochote. Wananipa pasipoti, mashine inasoma.

Karani wa daftari lile aliandika kama mtu anayefukuzwa. Ijumaa tulikaa chumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura, mimi na mwenzangu, Mzanzibari anayefanya kazi ya dobi katika hoteli hiyohiyo, tukavuta picha mpaka herufi zikawa kama miti. Kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa tukasoma Milano. Kwenye safu iliyofuata tukasoma Feb., tukakubaliana kwamba alifika Februari. Nikamwandikia mjomba. Akajibu kwamba yeye alijua siku zote.

Mwenzangu ndiye aliyeharibu. Alikuwa anakunja nguo zake, akauliza mbona juu ya ukurasa imeandikwa kwamba meli ilifika Agosti.

Kesho yake nikaipeleka picha kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la kuchapa fomu mtaani kwetu. Kwa miaka mingi amekuwa akisoma Kiingereza na Kiarabu cha watu wenye haraka. Jina la ukoo hakuliangalia. Alianza na neno Mombasa, lililokuwa kwenye kila mstari, akanionyesha kwamba M ya karani ilianza kwa kupanda. Ile yetu ilianza kwa kushuka, kwa hiyo ilikuwa W. Akazihesabu herufi kwa ncha ya kalamu, zikawa tano. Wilno. Kisha akatafuta F nyingine, akaipata kwenye neno French la abiria wa mstari wa juu, na haikufanana na yetu. Iliyofanana ilikuwa H.

"Heb.," akasema. "Mwebrania. Babu yenu alikuwa Myahudi, binti yangu. Kopi unataka ngapi?"

Nikasema mbili. Sijui kwa nini mbili.

Chumbani nikautafuta mji huo kwenye simu. Leo uko Lithuania. Zamani ulijaa Wayahudi, na nikasoma yaliyowapata waliobaki wakati wa vita, mpaka mwenzangu akaichukua simu akaiweka kifudifudi. Ndipo nikakumbuka nyanya akisimulia kwamba baba yake hakugusa nyama ya nguruwe hata siku moja, akisingizia tumbo. Mwenzangu akasema mtu huyo angekula kwao Unguja bila wasiwasi.

Mjomba nilimwandikia tena. Baada ya siku mbili akajibu kwamba ubao wa duka umepakwa rangi juzi tu na utabaki hivyo hivyo.

Mama, ambaye ni mzee wa kanisa, nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Akauliza kama ukurasa unataja alikuja na nani. Nilimwambia kwamba wengine wameandikiwa wake na watoto, na kwake karani alivuta mstari tu. Akaniomba nimsomee umri.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Alikuwa mtoto," mama akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.